Poti ya boksi la besi kwenye gari: upana kwanza, urefu baadaye

Mteja alinirudishia boksi siku ya tatu. "Fundi, hili boksi linahema." Nikadhani ananitania. Nilipoweka rege yenye besi nzito nikasikia mwenyewe: fuu, fuu, fuu, kama mtu aliyepanda ngazi za ghorofa nne akikimbia. Spika ilikuwa nzuri, ya inchi 12, na amplifaya haikuwa na neno. Kosa lilikuwa langu. Nilichukua kipande cha bomba la maji taka la inchi 4, nikakikata sentimita 20 kwa kuwa boksi lililotangulia nalo nililikatia 20, nikapaka gundi, nikadai hela yangu. Baadaye nilipokaa na kikokotoo nikakuta boksi lile la lita 55 lilikuwa limetuni, yaani poti yake ilikuwa inavuma zaidi, karibu Hz 40 (mitetemo 40 kwa sekunde), wakati nilitaka 34, na tundu lenyewe lilikuwa dogo mno kwa upepo uliokuwa unasukumwa.

Urefu wa poti, ile njia ya hewa inayotoka nje ya boksi, haukaririwi. Unatokana na ukubwa wa boksi, masafa unayoyataka na upana wa tundu, na katika vyote hivyo upana ndio wa kuamua kwanza. Ukianza na urefu, utaishia kupunguza upana ili poti ienee, na hapo ndipo boksi linapoanza kuhema.

Chupa ya soda

Chukua chupa tupu ya soda, puliza kwa juu ya mdomo wake. Inatoa sauti moja, ileile kila unapopuliza. Hewa iliyo shingoni ni kama mzigo, na hewa iliyo tumboni ni kama springi. Mzigo unasukumwa ndani, springi inaurudisha, na mwendo huo wa kwenda na kurudi ndio sauti unayoisikia. Boksi lenye poti halina tofauti: poti ni shingo, boksi ni tumbo.

Hapo unapata kanuni tatu ambazo fundi yeyote anaweza kutembea nazo kichwani. Shingo ikirefuka, sauti inashuka. Shingo ikipanuka, sauti inapanda. Tumbo likiwa kubwa, sauti inashuka. Kwa hiyo ukipanua poti bila kubadilisha kitu kingine umepandisha tuni, na ili uirudishe chini lazima urefushe. Kila sentimita ya upana unailipia kwa urefu, na urefu unaulipia kwa nafasi ndani ya boksi. Wanaosema "toboa tundu kubwa, besi itoke" wana nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni ile bili.

Jambo jingine la kujua mapema: kwenye masafa ya tuni koni ya spika karibu inasimama, na poti ndiyo inayofanya kazi. Chini ya tuni mambo yanageuka. Hewa ya boksi haiishiki tena koni, nayo inarukaruka ovyo hadi koili ipige chini. Spika nyingi zinazoletwa kwa fundi "zimeungua" zilianza kuumia hapo.

Hatua ya kwanza: sikiliza karatasi ya spika

Spika ya maana inakuja na karatasi yenye namba, zikiwemo Fs (masafa ambayo koni hutikisika yenyewe) na Qes (jinsi umeme unavyoizuia koni isiendelee kutikisika). Gawanya Fs kwa Qes. Jibu likifika 100 hivi au zaidi, spika hiyo inapenda poti. Likiwa chini ya 50, ifungie boksi lisilo na tundu. Katikati ya hapo chaguo ni lako. Watengenezaji wengi hukuandikia kabisa ukubwa wa boksi na tuni wanayoipendekeza. Anza na hizo, usijifanye mjuaji kuliko aliyeitengeneza. Spika iliyoandikwa "watts 3000" kwa herufi za dhahabu bila karatasi yoyote, mimi naipa boksi lililofungwa na kuendelea na kazi nyingine.

Kwa mwongozo huu tuchukue spika ya inchi 12 inayotaka lita 55 halisi na tuni ya Hz 34. Neno "halisi" lina uzito. Ni hewa inayobaki baada ya kutoa spika yenyewe, poti na mbao za kukazia.

Kwa nini 34? Waya mnene wa gitaa la besi la nyaya nne unapiga Hz 41. Gitaa la nyaya tano linashuka hadi Hz 31. Ukituni kati ya 33 na 36 unabeba rege, rumba na bongo fleva bila shida. Anayesikiliza amapiano na hip hop za besi ya kuteleza nampeleka 30 hadi 32. Wa singeli hata 38 inamtosha, maana mdundo wake ni wa haraka na haukai chini sana. Kumbuka pia kwamba gari ni chumba kidogo: lenyewe linanyanyua masafa ya chini, ndiyo maana boksi lililosikika kavu pale nje ya karakana linanenepa ukilifungia kwenye buti.

Hatua ya pili: upana

Kanuni ya mtaani inayofanya kazi: sentimita za mraba 2.7 hadi 3.6 za mdomo wa poti kwa kila lita ya boksi. Kwa lita 55 hiyo ni kati ya 150 na 200. Amplifaya ndogo inaweza kuvumilia pungufu ya hapo, kubwa haitavumilia. Sababu ni mwendo wa hewa. Hewa ileile ikipita kwenye tundu la nusu ya eneo inakimbia mara mbili, na ikishakimbia sana inaanza kupiga kelele kwenye kingo. Ukiwa na kompyuta, programu ya bure ya WinISD itakuchorea mwendo huo. Lenga usizidi mita 17 kwa sekunde. Poti yenye midomo iliyopinda vizuri inaweza kwenda zaidi ya hapo kabla sikio halijalalamika.

Angalia sasa bili yenyewe, kwa boksi letu la lita 55 na Hz 34:

- bomba moja la kipenyo cha ndani cha sentimita 10: eneo 79, urefu sentimita 30
- mabomba mawili ya namna hiyo: eneo 157, urefu sentimita 67 kila moja
- bomba moja la sentimita 15: eneo 177, urefu sentimita 72
- poti ya mbao ya sentimita 6 kwa 34: eneo 204, urefu sentimita 84

Ile ya kwanza inavutia kwa sababu inaenea popote, ila eneo lake ni nusu tu ya linalotakiwa. Ndiyo iliyonihemea. Na tazama mabomba mawili: watu hudhani wakiongeza bomba la pili lenye urefu uleule wa sentimita 30 wamepata hewa zaidi na tuni ileile. Hapana, tuni inaruka juu hadi karibu Hz 48. Kila bomba linatakiwa lirefuke zaidi ya mara mbili.

Ukitumia bomba la plastiki, pima kipenyo cha ndani kwa rula. Bomba linaloitwa inchi 4 lina milimita 110 kwa nje, na ndani inategemea unene wa ukuta wake.

Hatua ya tatu: urefu

Hesabu ni hii, kwa sentimita, lita na Hz:

Urefu = (30,000 × eneo) ÷ (tuni × tuni × lita), kisha toa nyongeza ya midomo.

Nyongeza hiyo ipo kwa sababu hewa haikomi pale bomba linapokoma. Kidonge cha hewa kinachotembea hutokeza kidogo pande zote mbili, kwa hiyo poti inajiona ndefu kuliko rula inavyosema. Kwa bomba la mviringo lililoshikwa na ubao upande mmoja, toa kipenyo mara 0.73. Kwa poti ya mstatili, toa kipeuo cha pili cha eneo mara 0.83.

Tuifanye ya mbao. Eneo ni 6 × 34 = 204. Juu: 30,000 × 204 = 6,120,000. Chini: 34 × 34 × 55 = 63,580. Gawanya, unapata 96.3. Kipeuo cha pili cha 204 ni 14.3, mara 0.83 ni 11.9. Toa: 84.4. Tuseme 84.

Poti ya mbao inayotumia kuta za boksi ina tabia yake. Kwa kuwa upande mmoja wa mdomo wa ndani unaegemea ukuta, hewa inaendelea kuongozwa hata baada ya ubao kuisha, na tuni halisi hushuka chini ya hesabu. Usibishane nayo kwenye karatasi. Tutaikamata kwenye kipimo.

Na usiipe poti umbo la utepe. Mdomo wa sentimita 2 kwa 100 una eneo lilelile la 200, lakini hewa yote inasugua kuta. Mimi sivuki uwiano wa moja kwa nane. Yetu ya 6 kwa 34 iko chini ya moja kwa sita.

Hatua ya nne: boksi lenyewe

Hapa ndipo wengi hushangaa. Poti ya 204 kwa urefu wa 84 inameza lita 17 za hewa, na mbao zake za milimita 18 zinachukua lita nne na nusu. Spika nayo lita 3, mbao za kukazia lita 1. Jumla ya ndani inayotakiwa ni 55 + 21.5 + 3 + 1, yaani lita 80 na nusu. Aliyejenga boksi la lita 55 kisha akatumbukiza poti hii ndani yake amebakiwa na lita 30, na hajui kwa nini besi imekuwa ya mbweko.

Chukua vipimo vya ndani vya kimo 34, kina 40, upana 60. Hiyo ni lita 81.6, inatosha. Kwa nje, na MDF (ubao wa unga wa mbao uliobanwa) ya milimita 18, ni 37.6 kwa 43.6 kwa 63.6. Pima buti kabla ya kukata, na upime mlango wa buti pia. Nimewahi kuona boksi zuri lililobaki sebuleni.

Poti inaanzia kwenye ubao wa mbele kulia, inakwenda nyuma ikiegemea ukuta wa kulia, kisha inakata kona na kufuata ukuta wa nyuma kuelekea kushoto. Urefu hupimwa katikati ya njia, usiupime kwenye ukuta wa ndani wala wa nje. Unene wa ubao wa mbele unahesabiwa. Kwa hiyo: 1.8 ya ubao wa mbele, 37 hadi katikati ya kona (kina 40 kasoro nusu ya upana wa poti), jumla 38.8. Zimebaki 45.2 kwenye mkono wa pili.

Mbao za ndani ni mbili, zote za kimo 34. Wa nyuma una urefu wa 42.2, unasimama sentimita 6 kutoka ukuta wa nyuma, na mwanzo wake uko sentimita 6 kutoka ukuta wa kulia. Wa pembeni una 32.2, unatoka kwenye ubao wa mbele hadi kuugusa ule wa nyuma. Kati ya mwisho wa poti na ukuta wa kushoto zinabaki karibu sentimita 12. Hiyo nafasi ni lazima: mdomo wa ndani usikaribie ukuta kwa chini ya upana wa poti, na kwa bomba, chini ya kipenyo chake. Nyuma ya sumaku ya spika nako pabaki wazi.

Ukitaka ubao wa mbele wa tabaka mbili, na kwa spika nzito ninapendekeza, kumbuka poti imeongezeka 1.8. Ikate kwa ndani.

Bandika kwa gundi ya mbao na skrubu, ziba kila ungio kwa silikoni na uache ikauke siku nzima kabla ya kufunga spika. Mvuke wake ukiwa mbichi hauzipendi gundi za koni. Acha vitu viwili bila gundi kwa sasa: kipande cha mwisho cha ule ubao wa 42.2, tuseme sentimita 15 za mwishoni, kifungwe kwa skrubu tu. Na mfuniko wa juu, ufungwe kwa skrubu nyingi juu ya sponji nyembamba ya kuzuia upepo kama ile ya milangoni.

Hatua ya tano: midomo na kona

Ukingo mkali ndio unaopiga mluzi. Hewa inapotoka kwa kasi na kukutana na pembe ya ubao inavunjika vipande, na vipande hivyo vina sauti. Zungusha kingo zote za mdomo wa nje kwa ruta, au kwa tupa na msasa kama huna ruta. Mviringo uwe mkubwa kadiri ubao unavyoruhusu. Halafu fanya vivyo hivyo kwa mdomo wa ndani. Huu hauonekani na mteja haukagui, kwa hiyo ndio unaorukwa, wakati hewa inauingia kwa kasi ileile inayotokea upande wa nje. Kwenye kona ya nyuma weka kipande cha ubao kilichokatwa nyuzi 45, upepo upinde badala ya kugonga.

Kwa bomba la plastiki, chemsha maji kwenye sufuria kubwa, chovya sentimita chache za mwisho wa bomba hadi zilegee, kisha likandamize juu ya tako la bakuli la chuma la duara na uache lipoe hapohapo. Linafunguka kama ua la tarumbeta. Vaa glovu nene. Usiliweke kwenye moto wa mkaa. Plastiki hiyo ikiungua inatoa moshi wa sumu unaokata kifua. Bomba lililofunguliwa hivyo linajiona fupi kidogo kuliko lilivyo, kwa hiyo anza na urefu wa ziada.

Ndani ya poti usiweke sponji, zulia wala rangi ya kukwaruza. Ikiwa gari linabeba watoto, weka wavu wa waya wenye matundu makubwa, uwe nyuma kidogo ya mdomo. Nimetoa ndani ya poti sarafu, kalamu, ndala moja ya mtoto, na mara moja kiota cha panya kilichotandikwa kwa sponji ya kiti cha gari hilohilo.

Hatua ya sita: punje za mchele

Lilaze boksi chali, spika itazame juu, mdomo wa poti uwe wazi. Weka programu ya simu inayotoa sauti ya masafa moja. Zima bass boost na kila urembo wa redio. Sauti iwe ndogo. Dondosha punje kumi hivi za mchele katikati ya koni.

Anza Hz 50. Mchele unacheza. Shuka 49, 48, 47, taratibu. Ukikaribia tuni utaona kitu cha ajabu: sauti haijapungua, pengine imeongezeka, lakini mchele unatulia. Karatasi nyepesi uliyoishika mbele ya poti inapepea kwa nguvu kuliko wakati wote. Shuka zaidi, mchele unaanza tena kuruka, safari hii kwa fujo. Pale ulipotulia kabisa ndipo tuni ya boksi lako. Rudi juu na chini mara mbili tatu uhakikishe.

Anayetaka namba afunge kizuizi cha umeme (resista) cha omu 100 mfululizo na spika na asome volti kwenye vichwa vya spika kwa maltimita. Volti zinapanda vilima viwili, na bonde katikati yao ndiyo tuni. Mchele na maltimita havijawahi kunipishana zaidi ya Hz 1.

Tuseme umepata 32 badala ya 34. Usishtuke, ni ile tabia ya poti ya mbao. Poti inatakiwa ipungue kama sentimita 12. Fungua mfuniko, toa kile kipande cha skrubu, kata sentimita 6 kwanza, funga, pima tena. Kukata nusu kuna sababu: ukifupisha poti boksi nalo linaongezeka hewa, na ubao uliokatwa haurudi. Ikija 33 na nusu, mimi naacha. Sikio la mtu ndani ya gari linalotembea haliwezi kukamata nusu ya Hz. Sasa gundi, silikoni, mfuniko wa kudumu.

Kwenye gari

Kichujio cha sabsoniki kwenye amplifaya kiweke chini kidogo ya tuni. Kwa 34, weka 28. Ndicho kinachoizuia koni isiruke hovyo kwenye sauti za chini ambazo poti haiwezi kuzibeba. Amplifaya isiyo nacho, usiiongezee bass boost hata mteja akilia. Kichujio cha kukata masafa ya juu kiwe Hz 80 au chini. Poti ya sentimita 84 ina mlio wake yenyewe karibu Hz 200, na ukikata mapema huo hausikiki kamwe.

Mdomo wa poti usiusukumie ukutani. Ukiubana dhidi ya siti au ubavu wa buti, ile nafasi nyembamba inageuka kuwa mwendelezo wa poti na tuni inashuka. Acha angalau upana wa poti wenyewe. Mimi naacha sentimita 15 nikipata nafasi.

Yule mteja wa kwanza nilimjengea upya, poti ya mbao, bila kumdai tena. Miezi miwili baadaye akapiga simu: besi imepotea. Nikamwambia afungue buti anieleze anachokiona. Kimya kidogo, kisha akacheka. Gunia la mchele la kilo 50, limesimama wima mbele ya poti.